Ngoma ya Watoto Iliyokesha

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, sikukuu ya Idd mjini Tanga ilikuwa na mambo mawili kwa mtoto: pilau ya mchana na disko toto la alasiri. Ukishakula, ukishavaa nguo mpya na kukusanya mkono wa Idd kwa wajomba na mashangazi, ulikimbilia ukumbini. Madirisha yalizibwa kwa mapazia mazito ili mchana ufanane na usiku. Taa za rangi zilizunguka darini. DJ alikaa nyuma ya meza, katikati ya spika mbili zilizotuzidi kimo, na kila alipoweka wimbo wa besi nzito tulihisi vifua vikitetemeka.

Kulikuwa na wimbo mmoja ambao hatukuyajua maneno yake wala mwimbaji wake, lakini ukianza hakuna aliyebaki ameegemea ukuta. Sauti ya mwanamke ilitoa amri fupifupi juu ya ngoma isiyopumzika. Ulikuwa Pump Up the Jam wa kundi la Technotronic. Tuliuomba urudiwe mpaka DJ akachoka nasi. Magharibi ikakaribia, mapazia yakafunguliwa, jua likatupiga machoni, na mzee wa mlangoni akatutoa kwa maneno yaleyale ya kila mwaka: "Haya, nyumbani! Ngoma ya watoto haikeshi."

Methali hiyo imenirudia wiki nzima nikisikiliza albamu iitwayo The House Sound of Chicago, mkusanyiko wa nyimbo uliotolewa London mwaka 1986. Ule wimbo wetu wa ukumbini Tanga ni mtoto wa muziki uliomo humu. Waliourekodi walikuwa vijana wa mjini Chicago, wengi wao wakiwa na miaka ishirini na ushei, wakifanya kazi nyumbani kwao kwa mashine ambazo wanamuziki wakubwa walizidharau. Kampuni kubwa za Marekani ziliuona kuwa mchezo wa mtaani ambao ungepita. Leo, miaka 40 baadaye, pigo lile bado linachezwa Johannesburg, Nairobi, Dar es Salaam, London na hukohuko Chicago. Ngoma ya watoto imekesha.

Ninaipenda albamu hii, na kwa sababu ninaipenda naona inastahili kuulizwa swali ambalo majalada ya mikusanyiko ya namna hii huliruka: ngoma ikikesha mpaka kukapambazuka, aliyeipiga huondoka na nini?

Usiku wa kuchoma santuri

Habari yenyewe inaanzia kwenye uwanja wa mpira. Tarehe 12 Julai 1979, timu ya besiboli ya White Sox ilikuwa na mechi mbili mfululizo katika uwanja wa Comiskey Park, Chicago. Mtangazaji wa redio Steve Dahl, aliyekuwa akiendesha kampeni dhidi ya muziki wa disko, alishirikiana na timu hiyo kutangaza kwamba atakayekuja na santuri ya disko ataingia kwa senti 98 tu. Watu wapatao 50,000 walifurika. Baada ya mechi ya kwanza, kreti lililojaa santuri liliwekwa uwanjani likalipuliwa. Maelfu wakaruka vizuizi, wakang'oa nyasi na kuwasha moto. Mechi ya pili haikuchezwa, na White Sox wakahesabiwa wameshindwa.

Kazini siku hiyo alikuwepo Vince Lawrence, kijana Mweusi aliyekuwa akiwaelekeza watazamaji kwenye viti vyao huku akidunduliza fedha za kununua kinanda cha kielektroniki. Ameeleza mara nyingi tangu hapo kwamba santuri nyingi alizoziona zikiletwa kuchomwa hazikuwa za disko hata kidogo. Zilikuwa za wanamuziki Weusi, basi. Disko kabla halijawa fasheni ya dunia lilikuwa muziki wa kumbi za Weusi, za watu wenye asili ya Amerika ya Kusini, na za wapenzi wa jinsia moja. Waliouanzisha muziki huo waliuelewa ujumbe wa moto ule bila kuhitaji mkalimani.

Kampuni za santuri zikaanza kulikimbia neno lenyewe. Redio zikabadili muziki. Ila watu hawakuacha kucheza, kwa kuwa hakuna anayeacha kucheza kwa sababu kampuni imeacha kuuza.

Ghala la Jefferson Street

Tangu mwaka 1977 kulikuwa na ukumbi katika jengo la ghorofa tatu namba 206, South Jefferson Street. Lilikuwa jengo la viwandani, na wachezaji waliuita ukumbi huo Warehouse, yaani ghala. Mwenyewe, Robert Williams, alitoka New York, na alipotafuta DJ alimwendea kwanza Larry Levan. Levan akakataa kuhama New York. Nafasi ikaenda kwa rafiki yake wa ujana, Frankie Knuckles, mzaliwa wa Bronx, aliyekuwa na umri wa miaka 22.

Warehouse ilifunguliwa Jumamosi usiku na watu walitoka Jumapili mchana. Hakukuuzwa pombe, palikuwa na maji na juisi. Wengi wa waliokuja walikuwa vijana Weusi wapenzi wa jinsia moja, watu waliofungiwa milango makanisani, makazini, na wengine hata majumbani mwao. Ndani ya jengo lile hawakuwa na cha kuficha kwa saa kumi na mbili. Knuckles aliwalea kwa muziki. Santuri mpya za disko zilipoadimika, alizichukua za zamani, akazinakili kwenye mkanda wa sumaku, akaukata kwa wembe na kuuunga upya ili sehemu tamu ya wimbo irefuke. Baadaye akaongeza mashine ya ngoma chini ya santuri ili pigo lisikatike.

Mkulima huweka mavuno ghalani akiusubiri msimu wa njaa. Ghala la Jefferson Street lilitunza disko wakati nje linachomwa, na kilichotoka humo miaka michache baadaye kilikuwa mbegu mpya. Hata jina lilitoka humo. Katika duka la santuri la Importes Etc., wateja walifika wakiulizia nyimbo walizozisikia Warehouse, na wauzaji wakaanza kuzibandika kibandiko cha kuonyesha hivyo. Neno lilikuwa refu, wakaikata sehemu ya mbele ikabaki ya nyuma. Ndipo watu wakaanza kusema muziki wa hausi.

Asiyeujua muziki huu aanze kwa kuhesabu. Moja, mbili, tatu, nne: kila hesabu ina pigo la ngoma kuu, halikosekani. Kofi linaangukia kwenye mbili na nne. Katikati ya kila pigo tasa ndogo inapiga "ts". Mwendo unazunguka mapigo 120 kwa dakika, sawa na mawili kwa kila sekunde, kwa hiyo wimbo wa dakika saba una mapigo 840 ya ngoma kuu. Mtu aliyekulia kwenye ngoma za kwetu hawezi kuona kurudiarudia huko ni upungufu. Anajua kwamba kinachorudiwa kinaupa mwili ruhusa ya kusahau.

Mashine za mitumba

Mwaka 1984 DJ Jesse Saunders aliibiwa santuri zake. Miongoni mwake ilikuwemo moja aliyoipenda mno. Badala ya kuitafuta alitengeneza yake, akishirikiana na yule Vince Lawrence wa uwanja wa mpira. On and On, kama walivyoiita, inahesabiwa na wengi kuwa santuri ya kwanza ya hausi kuchapishwa na kuuzwa madukani. Haikuwa na ufundi mkubwa, na hapo ndipo palipokuwa na nguvu yake. Vijana wa Chicago waliisikia wakasema: kama hii imefika dukani, na yetu itafika.

Vifaa vilikuwepo kwa sababu kampuni ya Roland ya Japani ilikuwa imetengeneza mashine ambazo soko halikuzitaka. TR-808, mashine ya ngoma ya mwaka 1980, ilionekana haifanani na ngoma halisi. TB-303 ilikusudiwa kumpigia besi mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake, nayo ikashindwa kazi hiyo. Zote mbili zilisitishwa baada ya miaka michache na kuishia maduka ya vitu vilivyotumika, kwa bei ambayo kijana wa mtaani aliweza kuimudu.

Marshall Jefferson alikuwa mfanyakazi wa posta. Hakuwa mpiga kinanda hodari, kwa hiyo alipotengeneza Move Your Body mwaka 1986 alipiga kinanda polepole kisha akauharakisha mwendo. Matokeo yake ni kinanda kinachotiririka kama cha kwaya siku ya Pasaka, na tangu hapo hausi haijawahi kukiacha kinanda. Larry Heard alikuwa mpiga ngoma wa bendi aliyechoka kuambiwa asiguse vyombo vya wenzake. Akanunua kinanda chake na mashine yake, akarekodi nyumbani. Can You Feel It, aliyoitoa mwaka 1986 kwa jina la Mr. Fingers, haina kelele wala haraka. Ukiisikiliza usiku wa manane unadhani mtu ameuwekea upweke wake mdundo ili uweze kutembea.

Kisha kuna vijana watatu wa kundi la Phuture: DJ Pierre, Spanky na Herb J. Waliipata TB-303 ya mkono wa pili. Wakizungusha vitufe vyake mashine ikaanza kulia, kunung'unika na kupiga kelele kama kitu kilichoumwa na nyuki. Wakaacha kanda irekodi, wakaipeleka kwa Ron Hardy, DJ wa ukumbi wa Music Box.

Masimulizi ya usiku huo ni maarufu miongoni mwa wapenzi wa hausi. Hardy aliipiga kanda ile, wachezaji wakauhama uwanja. Akasubiri, akaipiga tena, wakavumilia kidogo. Akaipiga mara ya tatu. Alipoipiga mara ya nne, watu walikuwa wamepagawa. Wimbo ule, Acid Tracks, ulitolewa mwaka 1987 na ukazaa mtindo mzima, asidi hausi. Chimbuko lake ni mashine iliyokataliwa na DJ aliyekataa kukubali kukataliwa.

Mseto wa London

Mwingereza aliyezitaka nyimbo hizi mwaka 1985 ilimpasa kusubiri santuri za inchi 12 zilizoingizwa kutoka Marekani moja moja, kwa bei ya juu, kama duka lake lilibahatika kuzipata. Pete Tong, DJ aliyekuwa pia akiichagulia muziki kampuni ya London Records, aliona njia nyingine. Aliingia makubaliano na DJ International, kampuni iliyoanzishwa Chicago na Rocky Jones, akazikusanya nyimbo kadhaa ndani ya jalada moja na kuzipa jina lililotaja mji.

Sisi tuliokua na kanda tunajua kazi ya mseto. Ulikwenda kwenye kibanda cha kurekodi na orodha yako, ukarudi baada ya siku mbili kuchukua kanda yenye nyimbo za watu kumi wasiofahamiana, na baada ya kuisikiliza mwezi mzima ulikuwa huwezi kuusikia wimbo mmoja bila kuusubiri unaofuata. Mpishi wa mseto huchagua nini kiingie chunguni na nini kibaki kwenye ungo. The House Sound of Chicago ilifanya hivyo kwa mji mzima. Nyimbo za vijana waliokuwa wakishindana, wakiibiana midundo na hata kugombana, zikasikika kama ukoo mmoja.

Mafanikio yalikuja haraka. Septemba 1986, Love Can't Turn Around wa Farley "Jackmaster" Funk uliingia nyimbo kumi bora za Uingereza, ukibebwa na sauti kubwa ya Darryl Pandy, sauti ambayo ungetegemea kuisikia kanisani. Januari 1987, Jack Your Body wa Steve "Silk" Hurley ulishika nafasi ya kwanza. Muziki uliokuwa haufahamiki hata katika nusu ya pili ya mji wake ulikuwa sasa namba moja ng'ambo ya bahari.

Nguvu ya mkusanyiko ilionekana zaidi miaka miwili baadaye. Mwingereza mwingine, Neil Rushton, alikwenda Detroit kukusanya nyimbo za Juan Atkins, Derrick May, Kevin Saunderson na wenzao. Albamu yao ilikuwa iitwe The House Sound of Detroit, kwa kumfuata ndugu yake wa Chicago. Atkins akaleta wimbo alioupa jina Techno Music, na jalada likabadilishwa: Techno! The New Dance Sound of Detroit, 1988. Neno lililokuwa likitumiwa na vijana wachache likageuka kuwa jina la muziki unaojulikana leo dunia nzima. Laiti wimbo mmoja ungechelewa kufika, huenda tungekuwa tunauita muziki huo kwa jina jingine.

Mkusanyaji, kwa hiyo, hana kazi ndogo. Anaamua nani akae jirani na nani, na nani aachwe nje. Mnunuzi wa kizazi cha pili hapewi orodha ya walioachwa.

Kisichoingia kwenye sahani

Mfikirie Ron Hardy. Bila yeye pengine Acid Tracks ingebaki ndani ya kanda. Waliocheza Music Box wanasimulia alivyoiharakisha santuri, alivyoigeuza ipige kinyumenyume, alivyowasubirisha wachezaji mpaka wakapiga mayowe. Hata hivyo aliacha rekodi chache mno za jina lake. Kazi yake kubwa ilikuwa usiku, na usiku haukunjwi ukatiwa kwenye jalada. Alifariki mwaka 1992. Anayeijua hausi kupitia mikusanyiko peke yake anaweza kuisikiliza miaka kumi asilisikie jina lake.

Kila ninapoisikiliza albamu hii kuna kitu kinanisumbua: ule ukimya wa sekunde mbili tatu kati ya wimbo na wimbo. Warehouse haikuwa na ukimya huo. Wimbo uliingia ndani ya mwingine kama mito inavyokutana, na mchezaji hakujua mmoja umeishia wapi. Wimbo wa hausi hutengenezwa na dakika nzima ya ngoma tupu mwanzoni na nyingine mwishoni, makusudi, ili DJ apate pa kuunganishia. Ukiusikiliza peke yake unasikia mlango wa kuingilia na wa kutokea, lakini nyumba za jirani hazipo.

Kiswahili kinaeleza upungufu huu vizuri kuliko lugha nyingine ninazozijua. Tukisema ngoma tunamaanisha chombo kinachopigwa. Tunamaanisha pia wimbo, mchezo wenyewe, na mkutano wa watu waliokuja kucheza. "Kesho kuna ngoma" haina maana kwamba kesho kutakuwa na chombo. Mkusanyiko unahifadhi maana ya kwanza na ya pili. Ya tatu na ya nne hubaki kwa waliokuwepo.

Na wengi wa waliokuwepo hawapo. UKIMWI ulipita katika kumbi zile za Chicago na New York katika miaka ya 1980 na 1990, ukawachukua wachezaji, ma-DJ na waimbaji wakiwa bado vijana. Sisi wa kizazi hicho Afrika Mashariki hatuhitaji kufafanuliwa. Tunazo picha za harusi za miaka ile ambazo nusu ya waliosimama mbele tunawataja kwa kuanza na neno marehemu. Albamu ya nyimbo za zamani inaposifiwa kwa kutukumbusha raha za ujana, tukumbuke kwamba kuna walioishia hapohapo kwenye ujana.

Majina kwa herufi ndogo

Turudi kwa yule mwanamke wa disko toto. Jalada la Pump Up the Jam lilimwonyesha binti mrembo aitwaye Felly, na ndiye aliyeonekana kwenye video akichezesha midomo. Hakuwa yeye aliyeimba. Sauti ilikuwa ya msichana mwingine, Manuela Kamosi, anayejulikana kisanii kama Ya Kid K, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Ubelgiji na kuwahi kuishi Chicago. Wimbo ulifika nafasi ya pili Uingereza na Marekani kabla dunia haijauona uso wake. Sisi watoto wa Tanga tulikuwa tukimchezea dada wa nchi jirani, Mkongo, na hakuna aliyetuambia.

Hakuwa peke yake. Mwaka huohuo wa 1989, Ride on Time wa kundi la Kiitalia la Black Box ulikaa namba moja Uingereza kwa majuma sita. Sauti inayoupasua wimbo ule ilichukuliwa kutoka kwenye santuri ya mwaka 1980 ya Loleatta Holloway, mwimbaji mzaliwa wa Chicago aliyeanzia kwenye nyimbo za injili. Kwenye video alionekana mwanamitindo wa Kifaransa. Ilibidi wanasheria waingilie ndipo Holloway atambuliwe. Sauti iliyolelewa na makanisa ya Chicago ilizunguka Ulaya ikiwa imevaa sura ya mtu mwingine.

Kwa watunzi hali haikuwa nzuri zaidi. Kampuni maarufu kuliko zote za hausi, Trax Records ya Larry Sherman, ilitoa Move Your Body, Can You Feel It na Acid Tracks. Santuri zake zilijulikana kwa mikwaruzo, kwa sababu plastiki ya santuri za zamani iliyeyushwa na kutumiwa tena. Zilijulikana pia kwa manung'uniko ya malipo. Mwaka 2020 Larry Heard na mwimbaji Robert Owens waliifungulia kampuni hiyo mashtaka, na mwaka 2022 shauri likamalizwa kwa makubaliano yaliyowarudishia umiliki wa rekodi zao. Heard alikuwa kijana alipozirekodi. Alizipata tena akiwa mzee wa miaka zaidi ya 60. Mwaka huohuo Marshall Jefferson na wenzake zaidi ya kumi nao wakaenda mahakamani. Katika miaka yote hiyo, nyimbo zao hazikukosekana kwenye mikusanyiko ya hausi bora za zamani.

Chicago yenyewe imejitahidi kukumbuka. Mwaka 2004 sehemu ya Jefferson Street ilipewa jina la heshima la Frankie Knuckles, na mmoja wa waliosukuma jambo hilo alikuwa seneta wa jimbo la Illinois ambaye baba yake alitoka Kogelo, Kenya: Barack Obama. Knuckles alipofariki Machi 2014, Obama, akiwa Rais, alituma barua ya rambirambi pamoja na mkewe. Mwaka 2023 jengo namba 206 likatangazwa kuwa alama ya kihistoria ya jiji. Ghala limepata ulinzi wa sheria. Baadhi ya waliojaza mavuno yake iliwabidi waende mahakamani.

Kutoka fidla hadi singeli

Julai 2015, Pete Tong yuleyule alisimama katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, pamoja na Heritage Orchestra iliyoongozwa na Jules Buckley, wakapiga nyimbo za hausi kwa fidla na tarumbeta. Mwaka uliofuata ikatoka albamu yao, Classic House. Miaka 30 kamili ilikuwa imepita tangu mkusanyiko wa kwanza. Nimeisikiliza, na sifichi kwamba ilinigusa. Kuna heshima katika kuona muziki uliowahi kuitwa kelele ukiingia ukumbi wa heshima mlango wa mbele. Pamoja na hayo, kilio cha TB-303 kilibuniwa na vijana wasio na uwezo wa kumkodi hata mpiga fidla mmoja. Orkesta inaweza kutupa uzuri wa wimbo, ila uhitaji uliouzaa umekaa kwenye mikwaruzo ya santuri ya Trax.

Uhitaji huo huishi sehemu nyingine. Vijana wa Afrika Kusini waliipokea hausi, wakaipunguza mwendo na kuzaa kwaito katika miaka ya 1990, kisha katika miaka ya 2010 vitongoji vya Gauteng vikazaa amapiano. Mwaka 2022 Black Coffee wa Durban alitwaa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya muziki wa dansi wa kielektroniki. Amapiano sasa imejaa kwenye harusi zetu, kwenye matatu za Nairobi, na kwenye nyimbo za Bongo Fleva za kina Marioo na Harmonize. Anayeicheza Sinza, Dar es Salaam, au Mwembe Tayari, Mombasa, anakicheza kitukuu cha Warehouse.

Hapo Dar es Salaam kuna vijana ambao hawana undugu wa damu na Chicago, lakini hadithi ni ileile. Singeli ilitengenezwa uswahilini kwa kompyuta za bei nafuu, kwa mwendo wa mapigo 200 kwa dakika na zaidi, huku wakubwa wakiiita fujo. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilizikusanya kazi za studio moja ya Dar es Salaam katika albamu ya Sounds of Sisso, na ma-DJ wa singeli wakaanza kualikwa kwenye matamasha ya Ulaya. Huo ndio The House Sound of Chicago wao. Nawatakia yote yaliyompata Marshall Jefferson isipokuwa miaka 36 ya kusubiri mahakama. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Kijana anayerekodi leo asikabidhi kazi yake kwa yeyote kabla hajasoma karatasi anayotia saini, na jina lake liandikwe kwenye wimbo siku ileile unapozaliwa.

Idd iliyopita nilimpeleka mtoto wa dada yangu kwenye disko toto. Mapazia yalikuwa mazito kama yale yetu. DJ alikuwa kijana mwenye kompyuta ndogo, na ilikuwa amapiano mtindo mmoja. Baadaye akauweka wimbo wa zamani, na miguu yangu ikautambua kabla yangu. Watoto wakaruka kama tulivyoruka. Nikamsogelea kuuliza unaitwaje kwake. Akanionyesha kioo: "Wimbo wa 7".

Nikamsimulia habari ya Manuela Kamosi wa Kinshasa, kwa kifupi, nikipaza sauti ili nisikike. Mpwa wangu alikuwa ameshika ukingo wa meza akisikiliza. Akauliza: "Kwa hiyo aliyeimba si yule wa kwenye picha?" Nikamwambia siye. DJ akavuta kibodi, akafuta alichokuwa ameandika, akaniuliza herufi moja moja mpaka jina likakamilika. Ilibaki robo saa kabla ya magharibi. Akaurudisha wimbo mwanzo, akashika kipaza sauti, na kabla ngoma haijaanza akalitangaza jina lake.